"Frateri, Nipe Mstari": Biblia na Kumdhamini Mtu Mkopo



Leo naanza na kosa langu mwenyewe. Niko kwenye mwaka wa kichungaji hapa Bagamoyo. Ijumaa moja jioni, baada ya mazoezi ya kwaya, kijana mmoja wa bodaboda alinisubiri nje ya kanisa. "Frateri, nipe mstari wa haraka. Binamu yangu anataka nimdhamini mkopo wa laki tano, na hao jamaa wanataka kadi ya pikipiki yangu."

Kusema kweli nilikuwa na njaa. Nikamtajia Mathayo 5:42, pale Bwana anapotufundisha tusimpe kisogo anayetaka kukopa kwetu. Akashukuru, akawasha pikipiki, akaondoka. Jumatatu akaweka sahihi.

Mwezi wa pili tu binamu akazima simu. Mkopo wenyewe ulikuwa wa aina ile tunayoiita kausha damu: marejesho kila wiki, ukichelewa faini, na faini nayo inazaa. Pikipiki ikachukuliwa kijiweni, mchana, mbele ya wenzake. Ni ile ile aliyoilipia hesabu ya kila siku kwa mwaka na nusu mpaka mkataba ukaisha na kadi ikaandikwa jina lake.

Sasa mimi nina shahada ya falsafa, jamani. Nimejaza kurasa kuhusu busara kwa Mtakatifu Thoma wa Akwino. Naweza kukuambia kwamba kwake busara inahitaji kumbukumbu, utayari wa kufundishwa, kuona mbele, kuangalia mazingira na kuchukua tahadhari. Lakini Ijumaa ile sikuuliza hata swali moja. Huyo binamu anafanya kazi gani? Deni la mwisho alilipa? Akishindwa, wewe utakula nini? Nilitoa mstari kama mtu anavyotoa panadoli.

Nilipojua yaliyotokea nikarudi kwenye Biblia, safari hii taratibu. Kitabu cha Mithali hakimung'unyi maneno. Sura ya 6, aya 1 hadi 5, inazungumza na mtu ambaye ameshajifunga kwa maneno yake kwa ajili ya jirani. Sura ya 22, aya 26 na 27, inauliza kwa nini ufike mahali pa kunyang'anywa mpaka kitanda unacholalia. Badala ya kitanda weka pikipiki, utaona kwamba mwandishi anakijua kijiwe chetu.

Ukiishia hapo utasema basi, usimdhamini mtu kamwe. Ila fungua Yoshua bin Sira sura ya 29. (Kama Biblia yako ina vitabu 66 hutamkuta, tafuta yenye 73.) Huyu ni mwalimu wa Yerusalemu, karibu miaka 180 kabla ya Kristo, na anawajua wakopaji kuliko afisa mikopo. Anamweleza mtu anayekuwa mpole sana siku ya kuomba, ila siku ya kulipa anaanza kulalamika kwamba hali ni ngumu. Hata hivyo, katika sura hiyo hiyo anasema afadhali upoteze fedha kwa ajili ya ndugu kuliko iozee chini ya jiwe. Aya ya 14 inamsifu mtu mwema anayemdhamini jirani yake. Aya ya 18 inakumbusha kwamba udhamini umewaangusha wengi waliokuwa vizuri. Halafu aya ya 20 inasema umsaidie jirani kadiri ya uwezo wako, ukijiangalia usije ukaanguka wewe.

Wengine husoma hivi wakasema Biblia inajipinga. Mimi naona mzee anayekataa kukufanyia maamuzi kabla hajajua habari yako. Na ule mstari wangu wa Mathayo? Unahusu kutoa na kukopesha kilicho chako. Binamu aliyeomba laki tano angeweza kupewa elfu hamsini mkononi, bila karatasi, na Injili ingekuwa imetimizwa. Mimi nilikuwa nimeunyoosha mstari mpaka ukafunika mkataba wa mtu wa tatu mwenye riba.

Hapa misheni tuna mbuyu uliopandwa na Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofika mwaka 1868. Ndani ya shina lake kuna mnyororo uliomezwa na mti. Wageni wengi huupiga picha wakidhani ulifunga watumwa. Masimulizi ya misheni yenyewe ni kwamba ulikuwa wa kufungia punda. Ni rahisi kuona kitu cha kweli na kukisoma vibaya kwa sababu tulishafika na jibu letu.

Ila watumwa walikuwepo kweli, na misheni ilitoa fedha kuwakomboa. Kwa hiyo siwezi kufundisha hapa kwamba Mkristo asiingie kwenye deni la mwenzake. Mtakatifu Paulo, akimwandikia Filemoni kuhusu mtumwa Onesimo, anasema kama ana deni lolote aandikiwe yeye, na anaahidi kwa mkono wake kwamba atalipa (Flm 18-19). Barua kwa Waebrania 7:22 inamwita Yesu mwenyewe mdhamini. Lakini angalia: Paulo alimjua Onesimo, alimjua na Filemoni, na alikuwa tayari kulipa. Rafiki yangu aliweka sahihi akiamini hatalipa kamwe. Wengi wetu hudhamini hivyo.

Tulichofanya baadaye kimetoka Mithali 6. Pale aliyekwisha kujifunga anaagizwa aende, ajinyenyekeze, asisitize, asilale kabla ya kujinasua. Tukaenda wawili. Nilivaa shati la kawaida, sikutaka kanzu inisemee. Tulikaa kwenye benchi saa tatu. Tukaomba faini zisimame na deni ligawanywe upya. Mara ya kwanza tulifukuzwa, mara ya pili tukasikilizwa. Mama yake alitoa akiba ya kikoba, nami nikachangia kidogo nilichokuwa nacho, maana sehemu ya deni lile naihesabu ni yangu. Pikipiki imerudi. Bado wiki saba.

Kama kuna karatasi inakusubiri wiki hii, soma Sira 29:1-20 yote kabla ya kugusa kalamu, kisha mwambie mtu mmoja mzima kiasi chenyewe, kwa sauti. Ukiona aibu kukitaja, hapo simama kwanza.

Jumamosi iliyopita binamu alipiga simu kutoka Tanga. Anaumwa, anaomba laki moja. Rafiki yangu alinifuata kuuliza ile sura ya Sira ni ya ngapi, nikamwambia. Akaisoma kwenye simu akiwa amekaa juu ya pikipiki, polepole, akirudia baadhi ya aya. Hajaniambia alimjibu nini.