Gari Linamisi Baada ya Kuoshwa Injini? Kausha Kwanza, Vipuri Baadaye

Mkazi mmoja anayesafirisha mboga kwa Probox alipeleka gari kuoshwa jioni, siku ya soko ikiwa kesho yake. Kijana mwenye mashine ya presha alifungua boneti, akapiga maji injini nzima mpaka ikang'aa. Gari liliwaka, lakini lilitikisika, likakosa nguvu kwenye mlima, na taa ya injini ikawa inamemeteka kwenye dashibodi. Kabla ya kulala alikuwa ameshaambiwa kwamba kompyuta ya gari imeungua na atafute pesa za nyingine. Kompyuta haikuwa na kasoro yoyote. Kulikuwa na maji, labda kijiko kimoja, ndani ya shimo la plagi.

Visa kama hiki ni vingi, na gharama yake ni siku za kazi zinazopotea na vipuri vinavyonunuliwa bure. Ndiyo maana ni vyema kila mwenye gari ajue kinachotokea.

Koili huchukua umeme wa betri wa volti 12 na kuupandisha kupita volti 20,000. Umeme huo unapaswa kuruka mwanya wa karibu milimita 1 kwenye ncha ya plagi, ndani ya silinda, ili petroli ishike moto. Lakini umeme hupenda njia rahisi. Kauri ya plagi ikiwa imelowa maji yenye vumbi na sabuni, unateleza nje ya kauri hadi kwenye chuma cha injini, na silinda hiyo inakosa moto. Hiyo ndiyo mafundi huita kumisi. Petroli isiyoungua huenda kuunguzia masega yaliyo ndani ya ekzosi, na masega ni ghali. Kwa hivyo taa ya injini inayomemeteka ni mbaya kuliko inayowaka tu: simamisha gari mahali salama, uzime.

Kwenye Probox na magari mengi ya leo, kila plagi ina koili yake juu, na plagi yenyewe imezama shimoni. Mpira wa koili unazuia mvua, ila hauwezi presha, hasa ukiwa umezeeka na kukakamaa. Magari ya miaka ya 1990 yenye distribyuta yana udhaifu wa aina nyingine: kifuniko chake kikiingia unyevu, stata inazungusha vizuri kabisa lakini injini haiwaki. Taa ya betri ikibaki inawaka baada ya kuosha, shuku alteneta, kwa maana ina matundu ya kupitisha hewa, na maji hupitia hapo hapo.

Sasa, ikiwa tayari limetokea, usiendelee kupiga stata. Unamaliza betri na kupitisha umeme kwenye soketi zenye maji. Toa ufunguo, kisha ufungue waya hasi wa betri. Fungua koili moja moja. Kwa Toyota nyingi spana namba 10 inatosha. Usitoe plagi kabla ya kukausha shimo lake, la sivyo maji yataingia kwenye silinda. Fundi wa pancha ana kompresa: mwombe apulize mashimo, koili, na soketi zilizofunguliwa, wewe ukiwa umekinga macho. Kisha acha boneti wazi juani kwa saa kadhaa. Wengine hukausha kwa moto wa karatasi au jiko la makaa karibu na injini. Usithubutu, kwa sababu mvuke wa petroli hauonekani.

Likikauka na bado linamisi, mwambie fundi asome hitilafu kwa mashine. Namba P0301 humaanisha silinda ya kwanza, P0302 ya pili, na kadhalika. Tuseme imetoka P0302. Hamisha koili ya silinda ya pili uiweke ya tatu, halafu usome tena. Ikija P0303, koili hiyo ndiyo mbovu na unanunua moja, si nne. Ikibaki P0302, koili haina hatia. Angalia plagi na soketi. Jaribio hili huchukua dakika chache, na fundi anayelikataa huku akikuuzia kompyuta anastahili kuulizwa maswali.

Kuosha injini si kosa. Oili na vumbi la murram huficha mahali panapovuja, na uchafu uliolowa oili hushika moto upesi. Lakini subiri injini ipoe, kwani maji baridi yakipiga sensa ya ekzosi ikiwa moto, kauri iliyo ndani inaweza kupasuka. Fungua waya hasi. Funika kwa karatasi za plastiki alteneta, boksi la fyuzi, koili na mdomo wa kuvutia hewa, na uhesabu ulizoweka ili uzitoe zote kabla ya kuwasha. Tumia sabuni, brashi na maji kidogo ya mpira, bila presha. Petroli si dawa ya kuoshea injini, hata kama jirani amefanya hivyo miaka kumi. Kwa magari ya haibridi, nyaya za rangi ya chungwa hubeba umeme unaoweza kuua: usiziguse wala kuzipiga maji, waachie mafundi waliosomea kazi hiyo. Na maji yale meusi yasielekezwe kwenye mtaro unaoishia mtoni. Kuna wanaoyachota huko chini.

Kuna tatizo moja linalokuja polepole. Maji yaliyobaki ndani ya soketi hula shaba, na unga wa kijani hujitokeza baada ya wiki kadhaa, wakati umeshasahau kwamba uliosha. Wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi, au wanaoishi karibu na bahari, huliona mapema zaidi. Baada ya wiki mbili hivi, fungua soketi za koili na za alteneta, waya hasi ukiwa umetolewa, uziangalie. Zikiwa na unga, safisha kwa dawa ya kupuliza ya soketi za umeme na brashi laini, acha zikauke, kisha uzirudishe mpaka usikie zimelia kufunga.