Mfanyakazi wa Urusi na Akiba Yake

Wahenga walisema, "Akiba haiozi." Methali hii ni ya kweli, lakini ina sharti: anayewekewa akiba awe mwaminifu, na fedha yenyewe idumu katika thamani yake. Katika somo hili tutaona yaliyowapata wafanyakazi wa Urusi sharti hilo lilipovunjika.

1. Wakati wa Dola ya Kisovieti

Mfanyakazi wa kiwanda alipokea mshahara mara mbili kwa mwezi. Kodi ya nyumba ilikuwa ndogo, lakini bidhaa zilikuwa haba madukani. Kwa hiyo fedha nyingi zilibaki bila matumizi, nazo ziliwekwa katika benki ya akiba ya serikali. Tena, mahali pengi pa kazi palikuwa na mfuko wa kusaidiana. Kila mwanachama alitoa kiasi kidogo, na mwenye shida alikopeshwa bila riba.

2. Miaka ya hasara

Januari 1991 serikali ilitangaza jioni moja kwamba noti za rubli 50 na 100 zimekwisha kazi. Watu walipewa siku tatu tu kuzibadilisha. Tarehe 2 Januari 1992 bei zikaachwa huru, na katika mwaka huo mmoja zikapanda zaidi ya mara 25. Aliyeweka fedha ya kununulia motokaa, baada ya miaka michache hakuweza kununua hata baiskeli. Mwaka 1994 kampuni ya MMM, iliyowaahidi watu faida kubwa mno, ikaanguka na fedha za mamilioni ya watu. Mishahara nayo ilichelewa kwa miezi. Viwanda vingine viliwalipa watu kwa bidhaa. Agosti 1998 rubli ikaanguka tena: dola moja, iliyokuwa kama rubli 6, ikapita rubli 20 kabla ya mwaka kwisha.

3. Desturi zilizozaliwa

Baada ya hayo, wengi walipopata mshahara walinunua vitu upesi, kwa maana friji haipotezi kazi yake usiku mmoja. Wengine walificha dola nyumbani. Jamaa nyingi zilitegemea viwanja vyao vya nje ya mji, mara nyingi vya mita za mraba 600, wakapanda viazi na kabichi. Mgeni aliweza kuwaita wabadhirifu. Kumbe walikuwa watu waliofundishwa na hasara.

4. Imani hurudi polepole

Mwishoni mwa 2003 ilitungwa sheria ya kuwalinda wenye akiba benki ikifilisika. Kwanza ililinda rubli 100,000 za kila mtu katika benki moja. Tangu mwisho wa 2014, rubli 1,400,000. Lakini pana hatari nyingine: mkopo mdogo wa kungojea mshahara. Tangu Julai 2023 sheria hairuhusu riba kupita asilimia 0.8 kwa siku. Msomaji, usidharau tarakimu hiyo. Anayekopa rubli 10,000 kwa siku 30 aweza kudaiwa riba ya rubli 2,400.

Fundisho

Kumhimiza mfanyakazi aweke akiba ni jambo jema, lakini maneno peke yake hayatoshi. Mtu huweka akiba anapoamini kwamba ataikuta. Imani hiyo yaweza kuvunjwa kwa siku tatu, na kuijenga tena ni kazi ya miaka mingi.