"Wana wa Mungu" Walikuwa Nani?

Mwanzoni mwa sura ya sita ya Kitabu cha Mwanzo mna mistari minne ambayo Wakristo hawajapatana juu yake tangu zamani za Mababa wa Kanisa. Yasimuliwa humo kwamba "wana wa Mungu" waliwatamani binti za wanadamu wakawaoa, na kwamba siku zile palikuwa na majitu duniani. Kisha yafuata habari ya gharika. Je, hao wana wa Mungu ni nani? Msomaji asemaye kuwa ni malaika walioasi, na jirani yake amchekaye kwa kusema hivyo, wote wawili wana walimu wa kale wa kuwategemea.

Walimu wa kwanza waliona kuwa ni malaika. Mtakatifu Yustino, shahidi wa dini wa karne ya pili, aliandika kwamba malaika wengine walivunja agizo la Mungu kwa kuwaendea wanawake. Tertuliano wa Karthago alisema vivyo hivyo. Hawakukosa sababu. Katika Kitabu cha Ayubu jina "wana wa Mungu" ni la viumbe wa mbinguni. Nakala nyingine za Biblia ya Kigiriki ziliandika waziwazi "malaika" mahali hapa. Tena Waraka wa Yuda wawataja malaika walioacha makao yao, na mistari michache baadaye wataja unabii wa Henoko.

Hapo ndipo ugomvi ulipo. Kitabu kiitwacho cha Henoko chasimulia kwa urefu jinsi malaika hao walivyoshuka, wakaoa, wakafundisha watu kufua silaha na kufanya uganga. Hakimo katika Biblia yetu, wala katika ile ya Waprotestanti. Waorthodoksi wa Ethiopia wanacho katika Biblia yao hata leo, na ni katika lugha yao ya kale, Kigeezi, kilikohifadhiwa kizima. Vipande vyake vya Kiaramu vilionekana katika pango la Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, lililogunduliwa mwaka 1952. Ni kitabu cha kale kweli, na Yuda alikijua. Lakini kutajwa na mtume hakukifanyi kitabu kuwa Maandiko Matakatifu. Mtakatifu Paulo naye, alipohubiri Athene, alitaja maneno ya washairi wa Kigiriki, wala hakuna awahesabuye hao kuwa manabii.

Baadaye walimu wengi waligeuka. Mtakatifu Yohane Krisostomo aliikataa vikali habari ya ndoa za malaika, akikumbusha kuwa malaika hawana mwili, na kwamba Bwana wetu alisema hawaoi. Kwake na kwa Mtakatifu Agostino, wana wa Mungu ni uzao wa Sethi, watu wacha Mungu waliovutwa na binti za uzao wa Kaini. Hata hivyo Agostino, katika kitabu chake juu ya Mji wa Mungu, alienda polepole. Alikiri kuwa Henoko aliandika mambo kadhaa ya kimungu, kwa kuwa Yuda ashuhudia; naye hakuthubutu kukata neno juu ya habari nyingi alizozisikia za pepo wasumbuao wanawake. Laiti wabishi wetu wangekuwa na nusu ya uangalifu huo! Wafafanuzi wengi wa siku hizi, Wakatoliki wakiwamo, waona kuwa mwandishi mtakatifu alitwaa simulizi la kale la majitu ili aonyeshe jinsi uovu ulivyozidi kabla ya gharika.

Kanisa halikutulazimisha kushika mojawapo ya maelezo hayo. Imani tunayofungwa nayo ni nyingine, nayo ilitamkwa na Mtaguso wa nne wa Laterano mwaka 1215: Shetani na wenzake waliumbwa na Mungu wakiwa wema, wakajifanya wabaya wao wenyewe, mwanadamu naye alitenda dhambi kwa kushawishiwa na Shetani. Alishawishiwa; hakushurutishwa.

Neno hilo lagusa nyumba zetu kuliko majitu. Mume ampigaye mkewe, kijana aibaye fedha za ada, asubuhi yake husema, "Shetani alinipitia," na jamaa hukubali, mambo yakaisha. Wako pia watafutao nguvu ya udhuru huo katika sura hii ya sita, wakisema kuwa ubaya wa dunia uliletwa na malaika. Basi na wasome mstari wa tano. Wawe walikuwa malaika au wana wa Sethi, Mungu hasemwi hapo kuwa aliutazama uovu wa pepo. Aliutazama uovu wa wanadamu, na mawazo ya mioyo yao; na gharika ilikuja juu yao.