Hita isiyo na tenki siyo ya kila nyumba

Mdogo wangu wa Nyasho, unauliza kama ung'oe hita ya tenki ufunge shawa ya umeme, ile inayopasha maji yakiwa yanapita. Kwa hapo Musoma nakwambia funga, ila nisikilize kwanza.

Maji ya ziwa letu hayana baridi ya Njombe. Yana nyuzi 24 au 25 hivi, na mwili unataka 38 tu. Tenki la lita 50 linayapandisha mpaka 60 na zaidi, linakula uniti 2 na ushee, kisha usiku linapoa na kujipasha tena mkiwa mmelala. Shawa ya kilowati 5.5 ikiwaka dakika 10 haifikishi uniti 1, yaani shilingi 330 hivi kwa bei ya kawaida ya LUKU.

Ninachokiogopa ni waya. Shawa hiyo inavuta ampea 24. Fundi akiiunga kwenye waya wa soketi wa milimita 2.5, waya unapata moto ndani ya ukuta, na nyumba huungua hivyo hivyo. Dai waya wake peke yake wa milimita 6 kutoka meni swichi, sakiti breka yake, na uione kwa macho yako nondo ya ethi ikizama ardhini. Utakuwa umesimama peku kwenye maji, mdogo wangu! Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, hata kama wa mtaani ni shemeji yako. Na simtank liinuliwe vya kutosha. Presha ikiwa ndogo shawa haiwaki.

Wa Bunda mnaotumia kisima chenye chumvi, ulizieni shawa ya maji ya chumvi, maana ya kawaida koili yake itagandwa na chumvi.

Dada wa Butiama mwenye umeme wa REA na kifaa cha UMETA, wewe usifunge. Kile ni cha taa na soketi chache. Tena kama uko kwenye bei nafuu ya uniti 75 kwa mwezi, watu 4 wakioga dakika 10 kila siku mnakula 110 kwa shawa peke yake, na za ziada mnalipa bei ya juu. Baridi ya asubuhi huko naijua. Chemsha lita 4 tu, mimina kwenye ndoo, ongeza ya bomba mpaka zitimie 20. Mtoto anaoga vizuri kabisa.