Diski Mpya au Kompyuta Mpya?



Katika ofisi nyingi ndogo za mwambao wetu, kutoka Rumonge hadi Nyanza-Lac, orodha ya wanachama na hesabu za michango haziandikwi tena kwenye daftari peke yake. Zimo ndani ya kompyuta ya mkononi, yaani laptopu, ambayo aghalabu ilinunuliwa ikiwa imekwisha kutumika. Siku moja mashine hiyo huanza kuchoka. Katibu anaiwasha, anatoka kunywa chai, anarudi na kuikuta bado haijafunguka. Katika mkutano wa kamati mtu anasimama na kusema: "Imekufa hiyo, tununue mpya."

Fedha zitakazotumika ni za wavuvi, wachukuzi wa bandarini na wakamuaji wa mawese. Kwa hiyo, kabla ya kuinua mikono kukubali, yafaa tujifunze somo hili.

1. Tutafute ugonjwa kwanza

Mvuvi hauzi mtumbwi kwa sababu umeingia maji. Kwanza hutazama maji yanapitia wapi. Na sisi tufanye hivyo.

Ndani ya kompyuta kuna viungo vitatu vya kuangaliwa. Kuna prosesa, ambayo hufanya hesabu. Kuna kumbukumbu ya kazi, iitwayo RAM, ambayo hushika kazi iliyo mbele yako kwa wakati huo. Tena kuna diski, ambayo ni ghala ya faili na programu zote. Katika mashine za zamani, anayewachelewesha wenzake mara nyingi ni diski.

Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka, kwa kawaida mara 5,400 kwa dakika, na mkono mdogo unaokimbia juu yake kutafuta habari. Kitu cha kuzunguka huchakaa, wala hakipendi kutikiswa juu ya pikipiki au kukatikiwa na umeme ghafla. Diski ya kisasa, iitwayo SSD, haina kitu kinachozunguka; habari zake hukaa katika chipu. Diski ya sahani ya laptopu husoma yapata megabaiti 100 kwa sekunde, na SSD ya kawaida hufikia 500. Katika kusoma faili ndogo nyingi, kama mashine inavyofanya inapowaka, tofauti ni kubwa zaidi.

Kipimo ni rahisi. Katika Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Utaona ukurasa wenye asilimia za prosesa, kumbukumbu na diski. Ikiwa diski inakaa kwenye 100 muda mrefu na prosesa imepumzika, mgonjwa amejulikana. Lakini ikiwa kumbukumbu ndiyo iliyojaa, diski mpya peke yake haitatosha.

2. Wakati wa kubadili diski

Tubadili diski ikiwa kioo, kibodi na chaja ni vizima, kumbukumbu ni gigabaiti 4 au zaidi (8 ni bora), na kazi yetu ni barua, orodha na hesabu. Kazi hizo hazihitaji mashine ya ajabu.

Lakini fundi aifungue mashine kwanza, kabla hatujatuma mtu Bujumbura na fedha. Diski si za namna moja. Kuna ya inchi 2.5, na kuna ndogo kama kipande cha kadi, iitwayo M.2, nayo ina aina mbili zisizobadilishana. Tena zipo laptopu za bei nafuu ambazo ghala yake imechomelewa kwenye bodi na haitoki. Asiyetazama kwanza atalipa nauli mara mbili.

Tujihadhari na diski ya bei ya chini mno. Zipo za bandia, zinazoonyesha ukubwa zisiokuwa nao. Tudai risiti, na muda wa kuirudisha ikiwa haifai.

3. Wakati wa kununua mashine nyingine

Mtumbwi uliooza mbao hauzibwi. Ikiwa bodi imeungua, kioo kimevunjika na betri imevimba, tusimwage fedha. Kanuni tunayoipendekeza ni hii: jumla ya matengenezo ikizidi nusu ya bei ya mashine nzima iliyo bora, tununue.

Liko jambo jingine. Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilimaliza msaada wake wa kawaida kwa Windows 10. Windows 11 inataka, pamoja na mengine, kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa iliyomo katika orodha ya kampuni hiyo. Mashine nyingi za kabla ya mwaka 2018 hazimo. Mfanyabiashara atakwambia kwamba basi imekwisha. Si lazima. Mfumo wa Linux hupatikana bure, huendelea kupata marekebisho ya usalama, na una programu za kuandikia na za hesabu. Kinachotakiwa ni katibu kupewa siku chache za kujifunza.

4. Mali kubwa ni majina

Mwaka 2024 nchi 4 zinazopakana na Tanganyika zilipofunga uvuvi kwa miezi 3 ili samaki wazaliane, wengi walikaa bila kipato. Katika wakati kama huo, asiye na orodha ya watu wake atamtetea nani? Mashine hununuliwa tena. Orodha iliyopotea hainunuliwi. Kwa hiyo tufuate hatua hizi:

(a) Kabla ya fundi kugusa kitu, tunakili faili zote kwenye flashi au diski ya nje. Diski ikianza kugonga-gonga, tusiendelee kuitumia. Tuizime na kumwita fundi.

(b) Nakala isikae katika kabati moja na mashine. Ziwa lilipopanda mwaka 2021 na 2024, maji yaliingia majumbani Rumonge. Nakala moja ikae kwa mjumbe anayeishi mlimani.

(c) Diski ya zamani irudi mikononi mwetu. Ina majina, simu na michango ya wanachama. Ikiwa nzima, ifutwe kisha itumike kuwekea nakala. Ikiwa mbovu, iharibiwe sahani zake. Isitupwe ziwani wala jalalani.

(d) Kamati ipate bei mbili kwa maandishi: ya diski pamoja na ufundi, na ya mashine nyingine. Wanachama wasomewe zote mbili.

5. Maswali ya kujadiliana katika tawi

Kompyuta yetu ina kumbukumbu kiasi gani, na diski ya aina gani? Nani ana nakala ya orodha, na aliifanya lini? Ikiwa mashine itaibiwa usiku huu, kesho tutaanza na nini?

Tawi lisiloweza kujibu swali la mwisho lisingoje diski wala kompyuta. Lianze leo, na flashi moja.