Kufungamana kwa Chembe na Mazingira Yake

Wenzangu wa darasa la Fizikia wamenisumbua sana kwa swali moja: ikiwa chembe mbili zaweza kufungamana hata zikiwa mbalimbali, mbona hatulioni jambo hilo katika vitu tunavyovishika kila siku? Nimeona vema nijibu hapa, maana jibu lake halimo katika vitabu vyetu vya Kidato cha Nne.

Kwanza tuelewane juu ya ufungamano wenyewe. Wengi huufananisha na jozi ya viatu. Ukimpelekea ndugu yako wa Tanga kiatu kimoja ndani ya kasha, naye akifungua akakuta cha kushoto, ajua mara moja kwamba cha kulia kimebaki kwako. Mfano huu wafaa, lakini haufiki mbali, kwa kuwa kiatu kilikuwa cha kushoto tangu kiwandani. Mwaka 1964 John Bell alionyesha kwa hesabu kwamba chembe zilizofungamana zapatana kupita kiasi ambacho viatu vingeweza kupatana. Majaribio mengi, pamoja na yale ya Alain Aspect huko Ufaransa mwaka 1982, yakakubaliana naye. (Hata hivyo hakuna habari iwezayo kupelekwa kwa njia hii peke yake, wanaongojea simu ya ajabu watangoja sana.)

Basi mazingira hufanya nini? Chembe za hewa, joto na nuru huzigonga chembe zetu, na kila kigongacho huondoka na alama ya hali ya chembe iliyogongwa. Kwa kugonga huko nacho chafungamana nayo. Watu husema mazingira huukata ufungamano, lakini kwangu neno hilo lapotosha. Ufungamano waenea. Chembe iliyofungamana kabisa na mwenzake haina nafasi ya kufungamana na nyingine. Ikianza kufungamana na hewa, fungu la mwenzake lapungua. Ni kama chumvi iliyomwagwa baharini: ipo, lakini nani ataikusanya?

Mwaka 1996 Serge Haroche na wenzake, mjini Paris, waliutazama upotevu huo ukitukia hatua kwa hatua. Walifungamanisha atomu na fotoni chache zilizonaswa katikati ya vioo viwili vyenye baridi kali. Kadiri hali mbili za fotoni hizo zilivyotofautiana, ndivyo upotevu ulivyokwenda mbio. Hapo wenzangu wapata jibu lao: jiwe lina chembe zisizohesabika, nazo zagongwa daima, hata upotevu huo hutukia kabla hatujapepesa jicho.

Lililonishangaza zaidi ni hili. Katika mlango wa mionzi tulisoma juu ya kupungua kwa nusu, kisha nusu ya nusu, bila kufikia sifuri. Ningedhani ufungamano nao hufifia hivyo. Mwaka 2004 Ting Yu na Joseph Eberly walionyesha kwa hesabu kwamba sivyo kila mara: kila chembe peke yake yaweza kuendelea kufifia taratibu, hali ufungamano wa hizo mbili umekwisha kabisa kwa wakati maalumu. Jambo hilo laitwa kifo cha ghafla cha ufungamano. Mwaka 2007 wataalamu wa Rio de Janeiro, Brazili, walilishuhudia kwa fotoni.

Kwa sababu hiyo kompyuta nyingi za kwanta huwekwa katika baridi iliyo karibu sana na digrii 273 chini ya sifuri. Wagongaji hupungua, ila hawaishi.