Sabuni ya Nazi, Majani na Udongo: Somo la Kutenganisha Kauli na Ushahidi

Utangulizi

Katika pwani ya kaskazini ya Tanzania, kuanzia Mkinga hadi Pangani, nazi, mwarobaini, manjano na udongo ni vitu ambavyo mtoto huvijua kabla hajaanza shule. Nyumbani humwona bibi akisaga liwa juu ya msio, au akimtayarishia bibi harusi singo ya maua na viungo. Kwa hiyo mwalimu anayefundisha utengenezaji wa sabuni na utunzaji wa ngozi hawakuti wanafunzi wakiwa watupu. Huwakuta na maarifa, na pia na kauli nyingi: kwamba mwarobaini huponya kila upele, kwamba manjano hung'arisha ngozi, kwamba udongo hunyonya uchafu.

Mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule ziwe jumuiya za uchumi na za elimu kwa pamoja. Sabuni inayotengenezwa ili iuzwe tu hutimiza upande mmoja wa shabaha hiyo. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha jinsi kipande cha sabuni kinavyoweza kumfundisha mtoto wa Darasa la Tano au la Sita kuuliza swali moja kubwa: "Tutajuaje?" Tutaonyesha pia jinsi ya kulifundisha somo hili bila kuhatarisha macho na mikono yake.

Maarifa ambayo mwalimu hana budi kuwa nayo

Sabuni hutokana na mafuta kuungana na kitu kikali cha jamii ya alikali, ambacho aghalabu ni kostiki soda. Magadi ya kupikia maharage ni kitu kingine. Hayatoshi kwa kazi hii, na majina haya mawili yasichanganywe mbele ya wanafunzi. Chembe ya sabuni ina ncha mbili: moja hushika mafuta na nyingine hushika maji. Kwa hiyo uchafu wenye mafuta, pamoja na vijidudu vilivyomo, huchukuliwa na maji. Huko kuosha ndiyo kazi kuu ya sabuni. Majani na udongo ni nyongeza.

Sabuni ya mafuta ya nazi ina sifa inayoufaa sana ufundishaji wa pwani: hutoa povu hata katika maji ya chumvi, mahali ambapo sabuni nyingi nyingine hugandamana na kuacha utando. Mwanafunzi anayeoga kwa maji ya kisima cha karibu na bahari anaielewa tofauti hiyo kwa vidole vyake.

Kuhusu majani, jina si ushahidi. Mwarobaini umepewa jina linalodokeza maradhi arobaini, lakini hakuna sabuni ya mwarobaini inayoweza kuchukua nafasi ya zahanati. Utomvu wa manjano unaotoka chini ya ganda la mshubiri huwasha ngozi. Uachwe uchuruzike, kisha utumike ute wa ndani peke yake. Karafuu na mdalasini, ambavyo hustawi katika milima ya Usambara ya Mashariki huko Amani na Muheza, vina harufu nzuri, lakini mafuta yake yaliyokolea huweza kuunguza ngozi. Kwa watoto, mchaichai uliokaushwa na kusagwa unatosha.

Udongo nao si wa namna moja. Kaolini, udongo mweupe unaopatikana Pugu karibu na Dar es Salaam, ni laini na hautii doa. Udongo mwekundu hupata rangi yake kutokana na kutu ya chuma, nao hutia doa nguo nyeupe. Jambo la kukumbuka ni kwamba udongo wowote uliochimbwa huweza kuwa na mbegu za vijidudu vya pepopunda, na kuuanika juani hakuziui. Kwa sababu hiyo, sabuni au lihamu ya udongo isipakwe kamwe juu ya kidonda, mchubuko au kitovu cha mtoto mchanga.

Kugawa kazi: sabuni mama na sabuni ya darasa

Ugumu wa somo hili ni kostiki soda, ambayo huunguza ngozi na kupofua macho. Njia tunayoipendekeza ni kuigawa kazi sehemu mbili. Sehemu ya kwanza, ya kutengeneza sabuni tupu tutakayoiita sabuni mama, hufanywa na mwalimu, wanafunzi wakiwa hawapo. Sehemu ya pili, ya kuikwaruza, kuiyeyusha na kuichanganya na majani au udongo, hufanywa na wanafunzi wenyewe.

Kwa sabuni mama, mwalimu apime kwa mizani, si kwa kikombe: mafuta ya nazi gramu 1,000, maji mililita 350 na kostiki soda gramu 155. Ili kuyageuza mafuta yote zingehitajika takribani gramu 183. Tunapunguza kwa makusudi ili mafuta kidogo yabaki, kwa sababu sabuni ya nazi tupu hukausha ngozi. Mafuta yawe yamechemshwa hadi maji yote ya tui yamekwisha.

Mwalimu avae glavu na miwani, naye afanye kazi mahali penye hewa. Kostiki itiwe ndani ya maji kidogo kidogo. Maji yasimwagwe kamwe juu ya kostiki. Sufuria zetu za alumini hazifai hapa, kwa maana kostiki huzila na kutoa gesi inayowaka; itumike ndoo imara ya plastiki. Maji hayo yakishapoa, yamiminwe ndani ya mafuta huku yakikorogwa mpaka mchanganyiko uwe mzito kama uji. Kisha utiwe katika kiunzi, ukatwe ukiganda, na vipande vikae wiki nne mahali pakavu, mbali na watoto. Kostiki ikimrukia mtu, aoshwe kwa maji mengi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15, kisha apelekwe hospitali. Asipakwe ndimu wala siki.

Mtiririko wa somo

Hatua ya kwanza: kukusanya kauli. Mwalimu amwalike bibi mmoja wa kijijini anayejua liwa na singo. Wanafunzi wamwamkie na kumsikiliza kama mwalimu wao, kisha waandike ubaoni kila kauli pamoja na chanzo chake. Hakuna kauli ya kuchekwa.

Hatua ya pili: kuuchuja udongo. Udongo mkavu uliopondwa utiwe katika chupa ya maji na kutikiswa. Mchanga huzama upesi. Tope laini hubaki likielea. Maji hayo yenye tope yamiminwe katika chombo kingine, yatulizwe, na tope likaushwe. Hapa mwanafunzi hujifunza utenganishaji wa vitu bila kukariri tafsiri yake.

Hatua ya tatu: kutengeneza. Kila kundi lipewe gramu 200 za sabuni mama iliyokwaruzwa na mililita 70 za maji. Chungu chenye sabuni kiwekwe ndani ya sufuria ya maji moto, mwalimu akiusimamia moto. Kundi A halitii kitu. Sabuni yake ndiyo ya kulinganishia. Kundi B litie kijiko kimoja cha chai cha unga wa mwarobaini, Kundi C udongo uliochujwa, na Kundi D unga wa manjano. Kipimo kiwe kimoja, ili tofauti ikionekana ijulikane imetokana na nini.

Hatua ya nne: kupima. Makundi yalinganishe povu katika maji ya mvua, ya kisima na ya bahari. Yahesabu ni mara ngapi kitambaa chenye mafuta hufikichwa hadi kitakate. Yaandike rangi na harufu baada ya siku moja na baada ya wiki mbili. Wasugue pia manjano mabichi juu ya karatasi nyeupe. Ikikauka, karatasi hiyo hugeuka nyekundu-kahawia ikiguswa na maji ya majivu au ya sabuni, na hurudi njano kwa ndimu. Mwalimu aeleze kwamba kila sabuni ya kweli huigeuza karatasi hiyo. Kwa hiyo kipimo hiki hakiwezi kututhibitishia kuwa sabuni ni salama kwa ngozi.

Hatua ya tano: kurudi ubaoni. Kila kauli iwekwe katika safu moja kati ya tatu: tumeiona, hatukuiona, hatuwezi kuipima hapa. Kauli ya mwarobaini kuponya upele itaingia safu ya tatu. Hilo si kumdharau bibi. Ni kukiri mpaka wa vyombo vyetu.

Suala la rangi ya ngozi

Katika safu hizo, kauli kwamba manjano hung'arisha ngozi yahitaji uangalifu wa pekee. Manjano hupaka rangi ya juu, nayo huoshwa. Lakini mtoto anayeamini kwamba ngozi nyeusi ni kasoro yu karibu kununua vitu vibaya zaidi. Sabuni na krimu za kujichubua zenye zebaki hudhuru figo na mishipa ya fahamu. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulikusudia kuziondoa sokoni. Mwalimu aseme wazi kwamba sabuni njema huitambua mtu kwa utakatifu wa ngozi yake, yaani kwa usafi wake, wala si kwa rangi.

Hitimisho

Sabuni itakwisha kwa matumizi. Kitakachobaki ni desturi ya mtoto kuuliza ushahidi, na heshima yake kwa wale waliomtangulia kuyajua majani ya kwao. Ni matumaini yetu kwamba walimu wanafunzi watalijaribu somo hili wakati wa mazoezi ya kufundisha na kulirekebisha kulingana na mazingira ya shule zao.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini Kundi A lisilotia kitu ni la lazima katika jaribio hili?
2. Utamjibu vipi mzazi anayetaka mtoto wake aruhusiwe kukoroga kostiki soda?
3. Chagua kauli moja kuhusu mmea wa mahali ulipo, kisha utayarishe jaribio la dakika 40 la kuipima.